Makaroni kwa Jibini: Chakula cha Ijumaa na cha Dominika

Mama wa nyumba ya Kikristo ajua vema taabu ya Ijumaa ya Kwaresima. Nyama haipo, na hata ikiwapo hailiwi. Maharagwe yalipikwa jana na juzi. Dagaa wamekwisha, au bei yake imepanda. Watoto warudi shuleni na njaa, baba arudi shambani na njaa zaidi, na wote wana swali moja: “Leo tunakula nini?”

Swali hilo si la kwetu peke yetu. Akina mama Wakatoliki wa Marekani waliulizwa hivyo hivyo, tena kila Ijumaa ya mwaka mzima, wala si za Kwaresima tu, mpaka mwaka 1966. Wengine walikaanga samaki, wengine walipika mayai, na wengi sana walijibu kwa sahani moja iliyojaa na kutoka mvuke: makaroni kwa jibini.

Juma hili, wasomaji wapenzi, twataka kuwasimulia habari za chakula hicho, maana kimezunguka nchi nyingi kabla ya kufika katika meza za watu wa kawaida. Ni habari ya jikoni. Lakini ndani yake mna habari ya mtu mmoja, mpishi, aliyezaliwa mtumwa, ambaye jina lake lilikaa gizani muda mrefu wakati jina la bwana wake likisifiwa kila mahali. Haifai kula chakula cha watu na kumsahau aliyesimama motoni.

KWANZA, VITU VYENYEWE

Makaroni hutengenezwa kwa unga wa ngano ngumu na maji. Unga hukandwa, husukumwa kwa nguvu katika tundu za chuma, nao hutoka kama mirija midogo. Halafu hukatwa vipande na kukaushwa. Yakikauka vema hukaa miezi mingi bila kuharibika. Wenzetu wa pwani wawajua ndugu zake, ndizo tambi, ambazo wao huzipika kwa nazi na sukari. Ngano ngumu ina utomvu unaoshikana sana, na ndiyo sababu makaroni mazuri yakichemshwa hayageuki uji.

Jibini ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji yake, yakatiwa chumvi na kuachwa yakomae. Lita kumi hivi za maziwa zatoa kilo moja tu ya jibini ngumu. Ukilijua hilo, hutashangaa kwamba kipande kidogo chashibisha na kwamba bei yake ni kubwa. Unganisha basi vitu hivi viwili: ngano ya kutia nguvu, maziwa ya kujenga mwili, na mafuta ya siagi ya kuufanya mlo ukae tumboni. Mtoto aliyekula sahani ya chakula hiki mchana hatakusumbua kabla ya jioni.

JIBINI ILIPOKATAZWA

Huenda msomaji akafikiri kwamba jibini imekuwa chakula cha kufunga tangu zamani. Sivyo. Katika karne za kati Wakristo wa Ulaya hawakujinyima nyama tu wakati wa Kwaresima, bali pia mayai, maziwa, siagi na jibini, kwa kuwa vyote hivyo vyatoka kwa wanyama. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alieleza sababu zake katika kitabu chake kikubwa cha teolojia. Watu wa kusini walikuwa na mafuta ya zeituni, basi hawakuumia sana. Lakini watu wa kaskazini, ambako mzeituni hauoti, waliona taabu kubwa, nao wakaomba ruhusa. Katika mji wa Rouen, Ufaransa, kanisa kuu lina mnara mmoja uitwao Mnara wa Siagi. Ulianza kujengwa mwaka 1485, na inasimuliwa kwamba sehemu ya gharama zake ilitoka kwa sadaka za waamini walioruhusiwa kula siagi wakati wa Kwaresima. Mimi kila nikisoma habari hiyo nacheka kidogo: mnara mzima wa mawe uliosimama juu ya siagi!

Polepole sheria ililegezwa. Kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1917 kilisema wazi kwamba siku za kujinyima nyama, mayai na vyakula vya maziwa vyaruhusiwa. Hivyo makaroni kwa jibini yalikuwa na nafasi yake halali katika meza ya Ijumaa. Mwaka 1966 Baba Mtakatifu Paulo VI alitengeneza upya sheria za kufunga, na mwezi wa Novemba mwaka huo Maaskofu wa Marekani wakaondoa wajibu wa kujinyima nyama katika Ijumaa zisizo za Kwaresima, wakiwahimiza waamini waendelee kwa hiari yao. Sheria iliondoka, lakini chakula kilikuwa kimekwisha kuzoeleka nyumbani, nacho hakikuondoka.

KUTOKA MEZA YA MFALME

Wapo wasemao kwamba makaroni kwa jibini yalivumbuliwa na Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani. Hiyo si kweli. Waitalia walikuwa wakila unga wa kukanda pamoja na jibini karne nyingi kabla yake. Hata huko Uingereza, wapishi wa Mfalme Richard II, karibu mwaka 1390, waliandika namna ya kukata unga uliotandazwa, kuuchemsha, na kuula pamoja na jibini iliyoparuzwa na siagi iliyoyeyushwa. Mwaka 1769 Bibi Elizabeth Raffald, Mwingereza aliyewahi kuwa mtunza nyumba za wakubwa, alichapisha kitabu cha upishi chenye makaroni yaliyopikwa kwa malai, siagi iliyoviringishwa katika unga, na jibini ya Parma juu yake. Mama yeyote anayekipika leo angekitambua mara moja chakula cha Bibi Raffald.

Jefferson hakuvumbua basi, ila alikipenda. Alipokuwa balozi huko Paris alichora kwa mkono wake mashine ya kutengeneza makaroni, akaandika maelezo juu ya unga wa Napoli, na mwaka 1789 akapata mashine moja kutoka huko kwa msaada wa katibu wake. Bwana mkubwa huyo alikuwa na kalamu na karatasi. Lakini hakuwa yeye aliyekoroga sufuria.

JAMES HEMINGS

James Hemings alizaliwa mwaka 1765, naye alilelewa Virginia. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya nchi ile mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa tangu tumboni. Baba yake alikuwa tajiri John Wayles, yule yule aliyemmiliki mama yake. Binti wa ndoa wa Wayles aliolewa na Jefferson, na tajiri huyo alipokufa mwaka 1773 watumwa wake wengi walirithiwa na mkwewe. Tazama basi hali ya kijana huyu: kwa damu alikuwa ndugu wa mke wa Jefferson, kwa sheria alikuwa mali ya Jefferson, kama farasi na viti.

Mwaka 1784 Jefferson alisafiri kwenda Paris, akamchukua James, mwenye umri wa miaka 19, kwa kusudi moja: ajifunze upishi wa Kifaransa. James alifundishwa na mpishi wa karamu, halafu na mtengenezaji wa maandazi na keki, halafu jikoni kwa mtoto mmoja wa kifalme, Mkuu wa Condé. Baada ya miaka mitatu hivi akawa mpishi mkuu katika nyumba ya balozi. Watu wakubwa wa Ulaya walikula kazi ya mikono yake wakasifu.

Huko Paris alipewa mshahara, na kwa fedha zake mwenyewe alimlipa mwalimu amfundishe Kifaransa sawasawa. Kumbukeni pia kwamba katika Ufaransa mtumwa aliyeletwa nchini aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Lakini mwaka 1789 Jefferson aliporudi nyumbani, James alirudi pamoja naye. Mama yake na wengi wa ndugu zake walikuwa ng’ambo ile.

Alipika New York, akapika Philadelphia, katika nyumba ya mtu aliyeandika katika tangazo maarufu la mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hatimaye mwaka 1793 Jefferson aliandika ahadi na kutia sahihi: kwa kuwa ametumia fedha nyingi kumfundisha James upishi, atamwachia huru, lakini kwanza James arudi Monticello, shamba la Jefferson huko Virginia, amfundishe mtu mwingine kazi yote mpaka awe mpishi hodari.

Na mtu huyo aliyewekwa chini yake alikuwa nani? Peter, mdogo wake mwenyewe, mtoto wa mama yule yule.

Mtu afikiri jambo hilo kwa utulivu. Kila siku iliyopita kaka alimwonyesha mdogo wake jinsi ya kuyeyusha siagi bila kuiunguza, jinsi ya kukoroga mchuzi usifanye madonge, jinsi ya kujua kwa harufu kwamba mkate umeiva. Na kila somo lilimsogeza kaka karibu na mlango wa kutokea, na kumfunga mdogo karibu na jiko. Tarehe 5 Februari 1796 James alipata hati ya uhuru. Alikuwa na miaka 31. Kabla ya kuondoka aliandika kwa mkono wake orodha ya vyombo vyote vya jikoni. Karatasi hiyo ingaliko hata leo, nayo ni mojawapo ya vitu vichache alivyotuachia: sufuria, vikaango, vyombo vya shaba, vyote vimehesabiwa kwa mwandiko mzuri.

Mwaka 1801 Jefferson alipochaguliwa kuwa Rais, alitaka James awe mpishi wake tena. Alimpelekea habari kwa midomo ya watu. James akajibu kwamba angetaka Rais mwenyewe amwandikie mistari michache, aeleze masharti ya kazi na mshahara. Ombi la haki kabisa kwa mtu huru! Barua hiyo haikuandikwa. Kazi alipewa Mfaransa. James alirudi Monticello akapika huko muda mfupi wakati wa kiangazi, na kabla mwaka huo haujaisha akafa huko Baltimore, umri wake miaka 36 tu. Habari iliyomfikia Jefferson ilikuwa kwamba alijiua. Tumwombee kwa Mungu, ajuaye mizigo ya kila moyo.

Peter alibaki mpishi wa Monticello hata mwaka 1809. Jefferson alipokufa, watu wake walipigwa mnada, na Peter, aliyekuwa mzee sasa, alinunuliwa mwaka 1827 na jamaa yake aliye huru kwa dola 1, akawa huru.

PADRE? HAPANA, MCHUNGAJI NA KITUNGUU

Baada ya habari nzito, hii ni ya kupumzisha. Februari 1802 Rais Jefferson alikaribisha wageni kula chakula. Mmoja wao alikuwa Manasseh Cutler, mchungaji wa Kiprotestanti na mjumbe wa bunge. Akaletewa chakula kilichookwa, kilichoitwa makaroni. Akatazama ile mirija, akafikiri ni vitunguu! Akaonja, akaona kina ladha kali wala hakikumpendeza. Jirani yake mezani alimweleza kwamba hapana vitunguu, bali ni chakula cha Kiitalia kilichotengenezwa kwa unga na siagi. Mchungaji aliandika yote katika kitabu chake cha kumbukumbu za siku, nasi twamshukuru, kwani bila yeye tusingejua.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1824, Bibi Mary Randolph, dada ya mkwe wa Jefferson, alichapisha kitabu cha upishi wa Virginia. Humo makaroni huchemshwa kwa maziwa na maji, hutandazwa safu kwa safu pamoja na jibini na siagi, halafu huokwa. Katika nyumba kama hizo waliopika walikuwa watumwa Waafrika. Kitabu kina jina la bibi. Mikono ilikuwa ya wengine.

Lakini mikono ile haikusahau. Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, watu wale walitoka na ujuzi wao, wakakipika chakula hicho katika nyumba zao wenyewe, kwa watoto wao wenyewe. Mpaka leo, kwa Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika, makaroni kwa jibini si chakula cha kujinyima, bali ni chakula cha Dominika baada ya kanisa, cha Noeli, na cha Sikukuu ya Shukrani. Huokwa mpaka juu pawe pa rangi ya dhahabu. Na katika jamaa nyingi si kila mtu aruhusiwa kuipika. Kuna bibi au shangazi fulani anayeaminiwa, na mkamwana mgeni akijitolea kuileta, watu hutazamana kwanza.

LILE SANDUKU

Mwaka 1937, wakati wa dhiki ya uchumi, kampuni ya Kraft ilianza kuuza sanduku dogo lenye makaroni makavu na pakiti ya jibini ya unga. Bei yake ilikuwa senti 19 za Marekani, na lilitosha watu wanne. Vita vya pili vilipokuja, nyama na baadhi ya vyakula vya maziwa vikagawiwa kwa kadi, sanduku hilo likaokoa nyumba nyingi. Hatumlaumu mama aliyefanya kazi kiwandani mchana kutwa akatayarisha chakula kwa muda wa dakika kumi. Siku hizi masanduku ya namna hiyo yanauzwa nchi nyingi, hata katika maduka makubwa ya miji yetu.

Lakini nasema wazi: aliyekula cha sanduku tu bado hajakila. Unga ule wa rangi ya machungwa una chumvi na harufu, basi. Mchuzi wa kweli wa maziwa una unene wake, na jibini ya kweli huvutika kama uzi unapochota kwa kijiko. Nao hautaki mashine wala umeme. Hata James Hemings hakupika kwa umeme! Mwaka 2017 wachimbaji wa mambo ya kale walichimbua jiko la zamani la Monticello, wakakuta mabaki ya meko ya matofali yenye nafasi za kutia mkaa chini ya sufuria. Wafaransa walipenda meko hayo kwa sababu moto wa mkaa waweza kupunguzwa kwa kuondoa makaa machache, na mchuzi wa maziwa wataka moto mdogo. Kina mama wenye majiko ya mkaa mmeelewa.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa watu sita: nusu kilo ya makaroni, lita moja ya maziwa, gramu 60 za siagi (vijiko vinne vya chakula), unga wa ngano kiasi kile kile cha gramu 60, jibini ngumu gramu 300, chumvi, pilipili manga, na kungumanga kidogo ukipenda. Paruza jibini kwanza. Asiye na kiparuzio atoboe kopo safi kwa msumari, atumie upande ule wa makali.

Chemsha maji mengi yenye chumvi. Tia makaroni yanapotokota, wala si kabla. Yaepue yakiwa bado na kiini kigumu kidogo, kwani yataendelea kuiva baadaye. Chuja.

Sasa mchuzi. Punguza moto. Yeyusha siagi, tia unga, koroga dakika mbili. Usiache ugeuke rangi. Maziwa yawe ya vuguvugu, uyatie kidogo kidogo, huku mkono haupumziki. Mwanzo utaona donge gumu, utakata tamaa, endelea. Litalainika. Mchuzi ukianza kutokota na kuganda nyuma ya mwiko, uondoe motoni.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Jibini hutiwa sufuria ikiwa imekwisha ondolewa motoni, konzi moja moja, ukikoroga. Ukiitia juu ya moto mkali, itajikaza kama nyuzi na kutoa mafuta, na mchuzi utakatika kama tui la nazi lililoachwa bila kukorogwa. Ule unga wa ngano ndio uzuiao jambo hilo, kwani huvimba katika maziwa na kuyashika mafuta yasijitenge. Lakini hata unga hauwezi kushinda moto wa fujo.

Changanya makaroni na mchuzi. Mchuzi uwe mwepesi kuliko utakavyo, maana makaroni yatakunywa. Acha konzi moja ya jibini uinyunyize juu pamoja na makombo ya mkate mkavu. Asiye na tanuri afanye kama tufanyavyo tunapooka keki: sufuria juu ya makaa machache sana, funika kwa mfuniko wa bapa, upalie makaa mengi juu ya mfuniko. Dakika 20 zatosha.

Mwenye jibini kidogo apunguze, apige mayai mawili katika mchuzi uliopoa kidogo. Wengine huko Marekani hufanya hivyo kwa kupenda tu. Na mwenye ng’ombe atauliza: je, jibini ya nyumbani, ile ya kukatisha maziwa ya moto kwa ndimu na kukamua katika kitambaa? Ni tamu, ni safi, lakini haiyeyuki hata ukiipikaje, kwa kuwa asidi ya ndimu huishikisha kwa namna nyingine. Ivunjevunje uinyunyize juu, usiitegemee ndani ya mchuzi.

SI KWA IJUMAA, KWETU

Lazima niseme ukweli juu ya bei. Mama wa Marekani alipika makaroni siku ya Ijumaa kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko nyama. Kwetu vijijini mambo yamegeuka: jibini yaweza kuwa ghali kuliko nyama yenyewe, tena haipatikani ila mjini au karibu na wanaoitengeneza, kama kule Njombe. Mtu akijinyima nyama ya bei ndogo kisha akanunua jibini ya bei kubwa, amejinyima nini? Maharagwe yetu ya Ijumaa yabaki mahali pake, na kile kilichosalia mfukoni kiende kwa mwenye shida.

Makaroni kwa jibini kwetu ni chakula cha Dominika, au cha siku mtoto apokeapo Komunyo ya kwanza, au cha kumpokea shangazi aliyekuja kwa basi kutoka mbali. Kiliwe kingali moto. Usikikoroge tena baada ya kuoka, kata kama keki. Pembeni na chini patakuwa na ukoko wa rangi ya kahawia, wenye jibini iliyokauka; huo watoto wataugombania, basi uugawe mwenyewe kabla kelele hazijaanza. Na sufuria iloweshwe maji baridi mara moja, kwani jibini ikikauka haitoki hata kwa mchanga.